Mlango Kati Yangu na Mama Mkwe

Kwa wiki tano niliishi katika chumba cha kulala cha nyumba yangu mwenyewe kama mtu aliyefungwa, na aliyenifunga hakuwa na ufunguo wowote. Alikuwa mama mkwe wangu. Alikaa sebuleni kwenye kiti cha mbao, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya stuli, na nyumba yetu ya kupanga hapa Kakamega ina mlango mmoja tu wa kutokea chumbani. Ukitaka kwenda jikoni, ukitaka kwenda chooni uani, ukitaka hata kuonja jua, lazima upite sebuleni. Dirisha lina vyuma. Niliwahi kuvipima kwa macho, nikaona kichwa kingepita na tumbo lingekataa.

Kwetu Waluhya mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Mkikutana njiani, mmoja huingia kwenye mahindi hadi mwenzake apite. Ni heshima, ingawa heshima ikizidi sana hufanana na ugomvi. Iko siku ambayo heshima hiyo hulegezwa, na kwa wakwe zangu wa Malava siku hiyo ina mambo matatu yanayofuatana. Kwanza kuku analiwa, mama akila chumba kile na mimi chumba hiki. Kisha namfunika mama blanketi jipya. Mwisho tunashikana mikono mbele ya watu, na kuanzia hapo tunaweza kusalimiana kama watu wengine.

Sisi tulianza. Miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, nilikuwa nimesimama katika ua wa Malava, mdomo bado una mafuta ya kuku, blanketi mikononi, likiwa bado kwenye karatasi lake la dukani. Nilikuwa nimebakiza hatua kumi kufika mlangoni kwa mama. Simu ikalia. Kaka mkubwa wa baba mkwe alikuwa amefariki huko Chekalini. Wanawake wakapiga mayowe, wanaume wakatafuta gari, na katika muda mfupi ua mzima ukabaki na mimi, blanketi na mbwa aliyekuwa akitafuna mifupa. Nikarudi Kakamega nalo. Nikaliweka juu ya kabati chumbani, na hapo likakaa.

Tangu siku hiyo wazee hawakukubaliana. Wengine walisema kifo kiliingia katikati, kwa hiyo yote yaanzwe upya, kuku mwingine, siku nyingine. Wengine walisema huwezi kumlia mama mkwe wako kuku wawili. Mwaka ukaisha, wa pili ukaingia, na mimi na mama tukabaki hapo, hatuko katika kukwepana kwa zamani na hatujafika katika kusalimiana.

Kisha mama akateleza akitoka kukama ng'ombe, akavunjika nyonga. Walimtia chuma hospitalini hapa mjini, wakasema aje kwa mazoezi mara tatu kwa wiki. Barabara ya Malava mara zote hizo nyonga isingeivumilia, na mke wangu ndiye binti pekee mwenye nyumba mjini. Baba mdogo wa mke wangu, mzee ambaye ndiye aliyesimamia ile siku ya kuku, alitoa uamuzi kwa simu. Kwa kuwa tulifanya nusu, na ruhusa itakuwa nusu: tunaweza kuwa chini ya bati moja, lakini tusionane na tusisemezane. Waswahili husema heri nusu shari kuliko shari kamili. Waliosema hivyo hawakuwahi kupangishwa ndani ya hiyo nusu.

Tukatunga sheria. Nikitaka kutoka, nasimama nyuma ya mlango na kukohoa. Mama anajitupia leso kichwani, anageuza uso ukutani, kisha anasafisha koo. Huo ndio mlango wenyewe, lile koo. Bila koo kusafishwa, sitoki. Nikisikia, nafungua, napita nikiitazama kalenda ya ukutani, natoka uani. Kurudi ni hivyo hivyo. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, hutoka asubuhi na kurudi alasiri, na jirani yetu wa uani, mama mmoja mwenye roho safi, alikuwa akija saa nne na saa saba kumsaidia mama.

Shida ilikuwa kule kugeuka. Kugeuka kwa mama kulikuwa na sauti zake: kiti kinalia, halafu yeye anavuta pumzi kwa meno. Nilipozisikia siku ya kwanza niliona aibu. Nikaacha chai ya asubuhi ili nisitoke mara nyingi. Nikagundua kwamba kibofu changu kina subira kuliko mimi mwenyewe. Naye nadhani alijua, kwa sababu kila asubuhi nilisikia kitu kikisuguliwa sakafuni, na nikichungulia chini ya mlango naona sahani yenye kiazi kitamu cha moto, ameisukuma kwa fimbo hadi kizingitini. Nilikula viazi hivyo nimekaa kitandani, kama mahabusu, huku blanketi likinitazama kutoka juu ya kabati. Jioni mke wangu aliniletea salamu.

"Mama anauliza kama wewe hushibanga. Anasema anasikianga ukitafuna tu, hasikii ukikohoa."

Nilimpenda mama huyo. Nilimpenda na nilikuwa nimechoka naye, yote mawili, na sikuwa na mahali pa kwenda kuyasemea.

Kazi yangu mimi ni kuharibu vitu. Kampuni moja ya nchi za mbali hunipa programu yao, nami nakaa Kakamega natafuta namna ya kuivunja kabla wateja hawajaivunja wenyewe. Wakati huo walikuwa wamenipa programu ya kutunza matoleo, ile ambayo waandishi wa programu huitumia kukumbuka kila badiliko la kazi yao: nani alibadili nini, na faili lilikuwaje kabla. Mtu akitaka kurekebisha kazi ya mwenzake humtumia kiraka, yaani maelezo mafupi ya mistari ya kuondoa na mistari ya kuweka. Viraka huja kwa mfululizo, pengine saba, na kila kimoja hukaa juu ya kilichotangulia. Sasa kile cha tatu kikikataa kukaa, kwa sababu mistari kilichotarajia kuikuta haipo tena, programu husimama pale pale. Viwili vimeshaingia, vitano viko nje. Unaambiwa uchague: rekebisha uendelee, au kiruke hicho, au acha yote urudi ulipokuwa kabla hujaanza.

Mimi nilipewa kujaribu huko kurudi. Naanzisha viraka, naiua programu katikati ya cha tatu, au najaza diski hadi ikose nafasi, au nang'oa waya wa stima. Kisha naiamuru irudi, na nalinganisha faili moja moja. Je, kila kitu kiko kama kilivyokuwa? Wakati mwingine nilicheka peke yangu chumbani, maana nilikuwa nikiwatafutia watu wa mbali njia ya kutoka katikati ya jambo, na mimi mwenyewe nasubiri mtu asafishe koo.

Wiki ya tatu nikapata kitu. Ukiiua programu wakati fulani hasa, kati ya kuandika faili na kuandika kwamba imeliandika, kisha ukaiambia irudi, inakujibu: hali ya awali imerudishwa. Lakini kazi ambayo mtumiaji alikuwa ameianza na hajaihifadhi, imefutika. Hakuna onyo, hakuna kosa. Inakuambia mambo ni shwari. Nilifurahi kama mtu aliyemwona nyoka kabla nyoka hajamwona.

Mkubwa wangu wa kazi, mwanamke ninayemjua kwa uso wa kwenye skrini tu, hakufurahi. Aliandika: nani atazima mashine katika sekunde hiyo? Nikamjibu kwa ukali kwamba hajawahi kukaa mahali ambapo stima hupotea mvua ikikohoa tu. Akaniambia nirudie jaribio mara mia mbili nimpe idadi. Nikaandika maagizo ya kulirudia lenyewe, nikaliacha likiendelea, kila mzunguko ukiandika saa na matokeo.

Ndivyo ninavyojua dakika.

Ilikuwa wiki ya tano. Jirani alikuwa amepita asubuhi dirishani kwangu kusema kwamba anakwenda sokoni Khayega na hatawahi ile saa saba. Mvua ya mchana ilishuka juu ya bati kama kawaida yake, ikimeza kila sauti. Katikati ya mvua nikasikia chuma kikigonga saruji. Ilikuwa fremu yake ya kutembelea. Baada yake nikasikia kitu kizito zaidi, halafu nikasikia mvua peke yake. Nikatazama skrini. Saa nane na dakika kumi na tisa.

Nikaenda mlangoni nikakohoa.

Koo halikusafishwa. Nikafikiri ni mvua, hakusikia. Nikakohoa tena kwa nguvu. Kimya. Nikampigia mke wangu, simu ikaita hadi ikachoka, maana alikuwa darasani. Nikampigia jirani, hapatikani. Nikakohoa mara ya tatu. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo, na naapa haukusogea. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: ikiwa ameanguka vibaya, na nguo imepanda, na mimi mkwe wake nikafungua nikamkuta hivyo, hiyo ni aibu ambayo hakuna kuku wa kuiosha. Nilijiambia angekuwa ameumia angeita. Halafu nikakumbuka kwamba hawezi kuita. Angeniitaje? Hajawahi kunitamkia neno hata moja tangu niliposema namtaka binti yake. Nikakohoa mara ya nne, na safari hii kikohozi kilitoka kama kilio.

Nilipofungua, skrini ilionyesha saa nane na nusu. Dakika kumi na moja.

Alikuwa amelala ubavu kati ya kiti na meza. Nguo ilikuwa imepanda, kweli, lakini leso alikuwa ameivuta akaifunika miguu, kwa hiyo uso ulibaki wazi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona uso ule kwa karibu. Ana kovu dogo juu ya nyusi ambalo mke wangu hakuwahi kunitajia. Hakufumba macho, wala mimi sikutazama kalenda. Nikampitishia mikono kwapani nikamwinua, mwepesi kuliko nilivyotarajia, nikamkalisha kitini na kumwekea mguu juu ya stuli. Alivuta pumzi kwa meno.

Kisha akasema nami. Alitumia wingi, kama tunavyowasemesha watu wa kuheshimiwa.

"Mrudi ndani. Nyinyi hamjatoka, na mimi sijaanguka."

"Mama, lakini mguu..."

"Mrudi," akasema. "Msiniaibishe kwa mtoto wangu."

Nikarudi. Nikafunga mlango. Kwenye skrini majaribio yalikuwa yakiendelea bila mimi, mstari baada ya mstari, na kila mstari ulisema: hali ya awali imerudishwa.

Nilinyamaza siku nne. Natamani ningesema sikujua, lakini nilijua. Mtu anayeishi nyuma ya mlango humjua mwenzake kwa sikio. Kabla ya hapo fremu yake ilikuwa na mwendo wake: chuma, mguu mzima, mguu mbovu. Sasa kulikuwa na kituo kirefu kabla ya mguu mbovu, na ule mguu ulikuwa unaburutwa. Viazi viliacha kuja. Mtaalamu wa mazoezi alimwambia mke wangu kwamba mgonjwa amerudi nyuma, na jioni nikamsikia mke wangu akimkemea mama yake kwa upendo, kama mwalimu.

"Mama, unadeka. Hutaki kufanya mazoezi."

"Nitafanya," mama akajibu.

Nami nilikuwa upande wa pili wa ubao wa inchi moja, nina ukweli mdomoni, nimenyamaza. Nilijiambia ni siri ya mama, si yangu. Nilijiambia nikisema atarudishwa Malava kwa aibu, na mguu utapona vibaya huko. Sababu nilikuwa nazo za kutosha. Nilichokuwa nakificha hasa ni zile dakika kumi na moja.

Siku ya nne majaribio yalikuwa yameisha na nilikuwa naandika ripoti. Niliandika: "Programu isiseme imerudi ikiwa haijarudi. Mtumiaji ataiamini, ataendelea kujenga juu ya hasara asiyoijua, na atakapoigundua itakuwa kubwa." Nikaisoma mara moja. Nikasimama, nikaenda mlangoni, nikakohoa. Mama akasafisha koo. Nikapita nyuma ya mgongo wake nikiitazama kalenda, nikaenda kumsaliti.

Nilimngojea mke wangu kwenye lango la uani. Nikamwambia yote, hata dakika. Alinisikiliza akiwa na madaftari ya wanafunzi kifuani.

"Siku nne?" akasema. "Unamsikia mama yangu akiburuta mguu siku nne, na unanyamaza? Na mimi namwambia anadeka?"

Akanipa madaftari niyashike, akaingia ndani, na nikamsikia akisema kwa sauti iliyovunjika, "Mama, mficha maradhi kifo humuumbua." Alasiri ile ile tukampeleka hospitali. Chuma kilikuwa kimesogea. Ilibidi wafungue tena. Daktari hakusema kama siku nne zilileta tofauti, na sikumwuliza.

Nyumba ikawa wazi. Ningeweza kutoka chumbani mara mia kwa siku, kunywa chai, kukaa kwenye kile kiti. Sikukikalia. Mke wangu alikuwa akirudi kutoka wadini na habari moja tu.

"Mama anasema hataki kusikia kikohozi chako."

Ripoti yangu nayo ilikaa wiki kadhaa. Mwishowe mtu mwingine akairekebisha ile hitilafu, na sasa programu ikishindwa kurudi husema wazi kwamba imeshindwa na kukuonyesha ilichopoteza. Ni mstari mmoja tu wa maandishi mekundu. Nilipouona niliinuka nikatembea uani.

Wazee wao hawakuchelewa hivyo: walikuja siku ya pili baada ya upasuaji, watatu, wakakaa kwenye benchi nje ya wadi ya wanawake. Mimi nikasimama mbali kidogo kama mshtakiwa. Mmoja alisema mkwe amemshika mama mkwe kabla ya wakati, kwa hiyo yote yamevunjika, yarudiwe tangu mwanzo. Wa pili akasema zaidi ya hapo, kwamba kwanza nitakaswe. Walivutana hadi muuguzi akatoka kuwaambia wapunguze sauti. Ndipo yule baba mdogo wa mke wangu alipogonga fimbo chini.

"Kuku ilikuliwa," akasema. "Hata mifupa mbwa alimaliza. Sasa nyinyi mnataka turudi wapi? Tulikuwa tumefika kwa blanketi. Tuanzie kwa blanketi."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Miaka miwili tulisubiri hiyo sentensi, na ilipokuja ilichukua muda mfupi kuliko maji ya ugali kuchemka. Nilitamani kumkumbatia mzee na kumtukana kwa pamoja. Nikapanda bodaboda hadi nyumbani, nikalishusha lile blanketi juu ya kabati, nikalipangusa vumbi la miaka miwili kwa kiganja.

Saa ya kuwaona wagonjwa wadi ilijaa watu. Mama alikuwa amelazwa kitanda cha pembeni, kichwa kimefungwa leso, uso ameugeuza ukutani. Nilisimama mwanzo wa kitanda nikasahau nilichofundishwa kusema. Mke wangu akanisukuma mgongoni. Nikachana karatasi, nikalikunjua blanketi, nikamfunika kuanzia miguuni hadi mabegani, taratibu penye nyonga. Kisha nikanyoosha mkono, nikangoja.

Aligeuka. Kitanda kililia, naye akavuta pumzi kwa meno. Akanitazama kwa muda, kisha akautoa mkono wake chini ya blanketi akaushika wangu. Watu wa kitanda cha jirani walipiga makofi bila kujua ni kwa nini. Nilidhani ataniachia. Hakuniachia.

"Siku ile," akasema, "ulikohoa mara nne."

"Ndiyo, mama. Nilikaa mlangoni dakika kumi na moja. Niliogopa. Nisamehe."

"Ya kwanza na ya pili nilinyamaza kwa kupenda. Nilikuwa navuta leso, nilikuwa namwomba Mungu usifungue." Siku hizi anatembea kwa fimbo, mguu mmoja umekuwa mfupi, na kila nikimwona akivuka ua wa Malava husikia tena alichosema baada ya hapo. "Ya tatu na ya nne nilikuwa nataka kukujibu. Koo ilikataa."

Nikalia mbele ya wazee wote watatu. Yeye hakulia. Aliuminya mkono wangu kama anayejaribu kitu kama kimeiva.

"Siku nyingine usikohoe," akasema. "Fungua tu."